Washenga wa Watu Wasiokuwepo

Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, samaki wadogo wakaifuata, nyavu zikafanya kazi yake. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, na Sio Port, mji wetu wa wavuvi kando ya ziwa karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, hupumzika kwa siku kadhaa: mitumbwi imevutwa ufuoni, wanaume wako nyumbani jioni, na popote penye televisheni, iwe hoteli ya chai, saluni au sebule ya jirani mwenye sola, hapakosi watu. Ukikaa nao jioni kama hizo utasikia kwamba mazungumzo yanayowasha moto si ya bei ya mbuta wala ya ushuru wa mpakani. Watu wanabishana nani aolewe na nani, na hao wanaobishaniwa hawajawahi kuzaliwa.

Mwaka 2020 swali lilikuwa moja kuanzia hapa hadi Malaba: Luwi amwoe Maria au amwoe Sofia? Tamthilia ya Maria ilikuwa imeanza Citizen TV mwaka uliotangulia, siku za kazi saa moja na nusu jioni, mara tu baada ya Nipashe. Yasmin Said alikuwa Maria, msichana wa mtaa wa mabanda anayeingia katika jumba la akina Hausa. Brian Ogana alikuwa Luwi, mwana wa jumba hilo. Bridget Shighadi alikuwa Sofia, mchumba ambaye Luwi alikuwa amekwisha kumwahidi ndoa. Kisha likaja jambo ambalo hakuna mwandishi wa tamthilia angelipanga. Tarehe 27 Machi 2020 Kenya iliingia kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Shule zilikuwa zimefungwa. Wavuvi wa omena, ambao riziki yao yote ni ya usiku, walikwama nchi kavu. Malaba malori yalipangana kilomita baada ya kilomita, madereva wakingoja kupimwa korona. Nchi nzima ilikuwa ndani ya nyumba nusu saa kabla ya Maria kuanza.

Hapo ndipo Timu Maria na Timu Sofia zilipokua hadi zikaingia kanisani, kwenye foleni ya kisima na katika simu za watu waliokuwa hawajaonana kwa miezi. Kuna waliokuwa hawali chakula cha jioni kwa hasira Luwi alipoyumba. Kuna mabinti waliokatiana salamu. Wengine waliyaona haya kuwa upuuzi wa watu wasio na kazi, na bado wanasema hivyo kila tamthilia mpya inapoanza. Mimi naona kinyume. Anayepigania wahusika wawili waoane anafanya kazi ile ambayo mshenga, shangazi na wazee wa ukoo wameifanya siku zote: anapima, anauliza, anapeleka hoja na kurudi na jibu. Anachokipigania ni haki. Mahaba ndiyo mlango tu wa kuingilia. Ushabiki wa namna hii hauwezi kueleweka mpaka tuulize kila upande unadai haki gani.

Wasikilize kina mama wanaoanika omena. Nyavu kuukuu zimetandazwa juu ya nyasi, samaki wamemwagwa kama mchanga wa fedha, na mikono inatembea juu yake kuwageuza na kuondoa takataka huku ndimi zikifanya kazi nyingine. Mjadala mmoja niliousikia ulikuwa kati ya mwanamke na wifi yake, na walivyoanza ungedhani wanamzungumzia mtoto wa jirani.

"Mulamwa, Sofia unamtetea kwa lipi? Maria ameteseka tangu siku ya kwanza."

"Kuteseka si mahari, mulamwa. Yule mwenzake ameahidiwa mbele ya watu. Leo ukimruhusu Luwi amwache, kesho wako atakosaje kukuacha?"

Mama mzee aliyekuwa pembeni akipepeta alinyanyua kichwa. "Nyinyi mmeshaoza tayari. Nani kati yenu ameuliza ukoo? Na huyo Maria, siku wageni wakija na ng'ombe, watafunga kwenye boma la nani?"

Hawakucheka. Walilichukua swali kama swali, wakaanza kutafuta ni nani katika tamthilia ile angefaa kukaa upande wa msichana.

Katika maneno hayo machache zimo hoja tatu kuhusu ndoa, na hakuna hata moja ambayo ni nyepesi. Timu Maria inasema ndoa njema ni malipo ya anayestahili: aliyedharauliwa kwa umaskini, akanyamaza, akafanya kazi, apewe mwisho mwema, kwa sababu duniani hapa mara nyingi hapewi. Mwanamke anayesema hivyo huenda ameuza omena miaka ishirini bila kuwahi kupewa chochote kwa kustahili. Timu Sofia inasema ndoa ni neno lililotolewa, na neno likishatolewa haliulizi tena moyo umegeukia wapi. Wengi wa upande huu ni wake wa ndoa, na wengine wameona kwa macho yao mwanamume akirudi kutoka mjini au kisiwani na mwanamke mwingine. Nimesikia watu wakiwaita Timu Sofia watu wa roho mbaya. Hawakuwasikiliza vizuri. Hoja yao ndiyo nzito zaidi kwa mtu aliyekwisha kuingia katika ndoa, na uandishi wa tamthilia hii haukuipa uzito wake, kwa kuwa mchumba wa kwanza katika hadithi za aina hii hupakwa masizi ili watazamaji wamtupe bila kusutwa na nafsi.

Hoja ya yule mama mzee ndiyo ya hapa zaidi. Kwa Wasamia, kama kwa Waluhya wengine, huoi katika ukoo wako, wala ukoo wa mama yako, na mpaka uliochorwa na wakoloni haukuugawa ukoo hata mmoja kwa namna ya kuubadilisha. Jamaa wako upande wa Kenya, jamaa wako upande wa Uganda, na Mto Sio unapita katikati. Kijana anaweza kukutana na msichana sokoni Busia, mmoja akinunua kwa shilingi ya Kenya na mwingine kwa shilingi ya Uganda, wakapendana, kisha wazee wakagundua kwamba babu zao walikuwa boma moja. Kwa hiyo swali la kwanza ni ukoo, na mengine hufuata.

Hili ndilo linaloeleza, kwa maoni yangu, kwa nini tamthilia za kigeni zilipata makao ya haraka sana huku. Chukua ile ya Ufilipino iliyoonyeshwa kwetu kwa jina la The Promise, iliyotengenezwa na ABS-CBN kati ya mwaka 2000 na 2002. Yna, binti aliyelelewa katika umaskini, anampenda Angelo Buenavista, kijana wa nyumba ya watu wenye mamlaka. Kisha inafichuka kwamba baba yake Yna ni yuleyule mwenye nyumba hiyo, na wapenzi wanaonekana kuwa ndugu. Hadithi inahangaika na fundo hilo kwa muda mrefu hadi inapojulikana kwamba damu ya Angelo ni nyingine. Mkosoaji wa mjini ataita hilo hila ya kuchosha. Mtazamaji wa Samia anaona humo hofu ambayo wazazi wake walimfundisha kabla hajabalehe, na kuhusu Yna na Angelo anaomba kitu mahususi kabisa: uchunguzi wa ukoo ufanywe upesi, watu wasije wakaingia katika mwiko.

Tamar Liebes na Elihu Katz waliona jambo linalofanana na hili walipokaa na vikundi vya watazamaji wa Dallas nchini Israeli katika miaka ya 1980. Kipindi kilikuwa kimoja, cha matajiri wa mafuta wa Texas, lakini kila kikundi kilikipima kwa mizani ya kwao, na wale waliotoka katika jamii zilizoshika udugu wa ukoo waliisimulia hadithi kwa kufuata nani ni jamaa wa nani. Katika vikundi vile, kama ufuoni kwetu, kilichokuwa juu ya meza ni nyumba za wanaozungumza. Texas ilikuwa kisingizio.

Ushabiki wa kuozesha ni wa zamani kuliko televisheni zetu. Zanzibar ya miaka ya 1950 ilikuwa na sinema zilizojaa, na mwanahistoria Laura Fair amekusanya kumbukumbu za wazee waliozitazama filamu za Kihindi wakiwa vijana. Awara ya mwaka 1951 ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno. Raj Kapoor ni Raj, kijana aliyekulia wizini. Nargis ni Rita, mwanasheria aliyelelewa na hakimu. Na hakimu mwenyewe ndiye baba aliyemfukuza mama yake Raj kwa shaka. Je, mtu ni damu au ni malezi? Binti wa heshima aweza kuolewa na mtoto wa mtaani? Ukiondoa nguo za wakati ule, ni swali la Maria. Wazanzibari waliokuwa wakichaguliwa wenzi na wazazi walitoka sinema na swali hilo mdomoni, wakalijadili kwa uhuru ambao wasingethubutu kuutumia kuhusu binti wa mtu fulani wa Malindi au Ng'ambo.

Bara, sisi tulipata zamu yetu kupitia KBC. Katika miaka ya 1990 The Rich Also Cry na No One But You kutoka Meksiko ziliwakusanya watu mbele ya televisheni chache zilizokuwepo, nyingi zikiwa za nyeusi na nyeupe zinazotumia betri ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja Cuando Seas Mía, na majina ya Diego na Paloma yakawa ya kila mtu. Hadithi hiyo ilikuwa ya mchuma kahawa na mrithi wa shamba la kahawa, ikiwa imeandikwa kwanza nchini Kolombia mwaka 1994. Nchi inayolima kahawa ilielewa mara moja umbali uliopo kati ya kikapu na ofisi.

Mpakani lakini kuna kitu ambacho Nairobi haikuwa nacho. Uganda ina wasimulizi wa filamu, wanaoitwa ma-VJ, ambao hukaa na kipaza sauti na kuimwaga filamu yote kwa Kiluganda, na VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana hata na watoto. Kazi yao huvuka mpaka pamoja na ndizi na vitenge. Televisheni za Uganda nazo hunaswa upande wa Kenya, na Bukedde TV imezoeza watu kuona Wameksiko wakigombana kwa Kiluganda. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Anachukua upande. Anamwonya msichana, anamtukana mwenye hila, anawapa wahusika majina ya kwao, anaeleza kwa nini huyu hafai kuoa. Ni senge mwenye kipaza sauti, shangazi yule wa upande wa baba ambaye Waganda na Wasamia pia humpa kazi ya kumfunda binti. Kijana aliyezoea kusikia filamu hivi hawezi kamwe kuitazama kimya. Amefundishwa kwamba hadithi ya mapenzi ni kesi, na kila aliyepo ana haki ya kusema.

Kenya imekuwa na DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyesimulia filamu kwa Kiswahili katika mabanda ya video. Titanic ilipofika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, Joseph Kaira aliichora upya kuwa katuni ya Kiswahili yenye jina la Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Watu wanaodhani kwamba kuchukua wapenzi wa hadithi ya mwingine na kuwaandikia upya ni mchezo wa vijana wa Marekani wenye kompyuta wangeitafuta katuni hiyo. Ilikuwa kazi ya penseli, na ilipata wanunuzi.

Wakati mwingine nguvu hii ya hadhira hugeuka ikataka kuvunja ndoa badala ya kuifunga. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza Twende na Wakati, mchezo wa redio uliokusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya Ukimwi. Mkwaju alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye wanawake kila kituo cha barabara. Tunu alikuwa mke wake, nyumbani na watoto. Watafiti waliuacha mkoa wa Dodoma bila kuusikia mchezo huo hadi mwaka 1995 ili wapate kulinganisha, na kwingineko wakafuatilia watu walivyozungumza na kubadilika. Mkwaju alichukiwa. Tunu alipofika mahali pa kumwacha na kuanza biashara yake, alifanya jambo ambalo wake wengi wa madereva walikuwa hawajasikia likisemwa redioni kwa sauti ya kawaida. Ukitaka kujua uzito wake, simama Malaba jioni. Malori yamepangwa, vyumba vya kulala wageni vimewasha taa, na kila mtu pale anamfahamu Mkwaju wake.

Mtu anaweza kuuliza: basi kwa nini waandishi wasiwaridhishe watu, wawaozeshe wanaotakiwa, mambo yakaisha? Jibu la haraka ni la fedha. Tamthilia ya kila siku hula matangazo kwa kungojewa. Wapenzi wakifunga ndoa kipindi cha ishirini, kipindi cha mia hakina wa kukitazama. Kwa hiyo anatumwa mwenye wivu, barua inapotea, mtu anagongwa na gari akasahau jina lake. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mume na mke waliosoma habari pamoja Citizen TV tangu mwaka 2018 na ambao kampuni yao ya Jiffy Pictures ndiyo iliyotengeneza Maria, Zora na Sultana, wanaijua hesabu hiyo vizuri, na sioni kosa kuijua. Lakini kuna jibu la pili ambalo ni la zamani zaidi. Mwaka 1748, vitabu vya mwisho vya Clarissa vikingojewa Uingereza, wasomaji walimwandikia Samuel Richardson wakimsihi asimwue binti huyo, amgeuze Lovelace awe mtu mwema, waoane. Alikataa. Louisa May Alcott, baada ya sehemu ya kwanza ya Little Women mwaka 1868, alizongwa na barua za wasichana waliotaka Jo aolewe na Laurie. Akamwoza kwa profesa wa makamo. J. K. Rowling alisubiri hadi mwaka 2014 ndipo akasema kwamba huenda mhusika wake Hermione hakupaswa kuolewa na Ron, na mabishano yakafufuka upya. Waandishi hawa watatu hawakuwa wakiuza dakika za matangazo. Walijua kwamba mhusika akiozwa kwa kura hubaki hana mwenyewe, na msomaji, ingawa analia, anataka awepo mtu wa kubishana naye.

Iko sehemu ya jambo hili ambayo haiongelewi kwa sauti mpakani. Duniani, ushabiki wa kuwaunganisha wahusika umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya wapenzi wa jinsia moja: katika miaka ya 1970 mashabiki wa Star Trek, wengi wao wanawake, walikuwa wakiandika hadithi za mapenzi ya Kirk na Spock na kuzisambaza kwa mkono. Kwetu, Bodi ya Filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu mwezi Aprili 2018 kwa sababu ya Kena na Ziki, mabinti wawili wanaopendana. Mahakama iliifungulia kwa siku saba mwezi Septemba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Ng'ambo ya Mto Sio, sheria ya Uganda ya mwaka 2023 imeweka adhabu kali mno kwa mahusiano hayo. Kwa hiyo wapo watazamaji ambao wapenzi wao wa hadithi hawatajwi saluni, na simu ya mkononi ndiyo sebule yao.

Simu imebadilisha mengine pia. Kijana wa Sio Port mwenye bando la siku hukata vipande vya tamthilia, akavipachika wimbo wa Bongo Fleva, akaviweka kwenye TikTok au hali ya WhatsApp, na kwa sekunde thelathini wahusika ambao mwandishi amewatenganisha wamekuwa pamoja. Tamthilia zenyewe nazo zinaingia kwa Kiswahili kutoka kila upande. TBC ilionyesha ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake mwaka 2011, na Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Azam imezileta za Kituruki. Mashabiki wamekuwa wengi kuliko hadithi.

Hatari ninayoiona iko mahali pamoja, nayo ni pale mtazamaji anapomwacha mhusika na kumshika mwigizaji. Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza mwaka 1956 jinsi mtu wa kwenye skrini anavyoweza kuhisiwa kama rafiki wa karibu ingawa yeye hakujui. Urafiki huo una faida zake. Ila unazaa pia kudai. Wazanzibari wa Awara walijua kwamba Raj Kapoor na Nargis walipendana hata nje ya filamu, na walilazimika kumeza habari ya mwaka 1958 kwamba Nargis ameolewa na Sunil Dutt. Selina wa Maisha Magic East, aliyeigizwa na Celestine Gachuhi, alitakiwa na mashabiki awe wa Nelson hata Pascal Tokodi aliyemwigiza Nelson alipofunga ndoa yake mwenyewe mwaka 2020 na mwanamke mwingine. Katika Zora, iliyoanza mwaka 2021, Jackie Matubia alikuwa Nana na Blessing Lung'aho alikuwa Madiba, na mapenzi yao ya kuigiza yakawa ya kweli. Mwaka 2022 uchumba ukatangazwa, wakapata mtoto, na baadaye kila mmoja akashika njia yake. Yaliyosemwa juu yao mitandaoni wakati huo yalinihuzunisha. Watu waliwadai maelezo kama wanaodai mkopo. Mhusika ukimhukumu hapungukiwi na kitu, na ndiyo sababu ya kuwa naye: tunaweza kumburuta mbele ya baraza, tukamvua nguo, tukamuoza na kumtaliki jioni moja. Mwigizaji ana mama yake anayesoma yale maneno. Shabiki anayeshindwa kutenganisha hao wawili ameharibu kifaa kizuri sana ambacho jamii ilikuwa nacho cha kujadili ndoa bila kumjeruhi mtu.

Na Busia ina ushahidi wake wa jinsi mstari huo ulivyo mwembamba. Mwigizaji Charles Bukeko, aliyefariki tarehe 18 Julai 2020 na kuzikwa kwao Busia siku mbili baadaye, alikuwa Papa Shirandula kwa zaidi ya miaka kumi: bawabu anayemficha mkewe Wilbroda kazi yake halisi, na mke anayeamini mumewe ni mtu wa ofisini. Wilbroda aliigizwa na Jacqueline Nyaminde. Kwa wengi, hao walikuwa mke na mume, basi. Kwenye msiba watu ilibidi wajikumbushe kwamba mjane ni mwingine. Lakini ninamtaja Papa kwa sababu nyingine pia. Hesabu ya kwamba hadhira huondoka wapenzi wakishaoana haikumgusa. Papa na Wilbroda walikuwa wameoana tangu mwanzo. Hakuna aliyewangoja wafike madhabahuni; watu walikaa miaka yote hiyo kuona ndoa ya uongo mdogo mdogo, njaa ya mwisho wa mwezi na mapatano ikiendelea kusimama. Hadhira iliyoweza hilo inaweza kupewa zaidi ya busu la mwisho.

Kinachokosekana kwenye skrini ni kile alichokiuliza mama mzee. Karibu tamthilia zote hizi, za kwetu na za kuletwa, huruka kutoka kwenye pete hadi kwenye gauni jeupe. Mahari haizungumzwi, au inatajwa kwa sentensi moja. Wajomba hawaonekani. Hakuna anayetuma watu kuuliza ukoo, hakuna mshenga anayerudishwa kwa sababu amekuja siku mbaya, hakuna shangazi anayekataa. Yaani sehemu yenye mvutano mkubwa kuliko zote katika ndoa ya Mwafrika Mashariki wa kawaida imeachiwa watazamaji waijaze wenyewe wakianika samaki, na wanaijaza kwa ustadi. Mwandishi wa Kiswahili anayetafuta kisa hahitaji ajali ya gari wala mtu kusahau jina lake. Achukue msichana wa Sio Port na kijana wa Majanji, wote Wasamia, mmoja mwenye kitambulisho cha Kenya na mwingine cha Uganda. Kikao cha mahari kichukue vipindi vitano. Wajumbe wachelewe kwa sababu ziwa limechafuka, baba mdogo akatae kupokea fedha badala ya ng'ombe, senge wa ng'ambo akumbuke jina la babu ambalo hakuna aliyetaka likumbukwe. Timu mbili zitakuwa zimeshaundwa kabla ya tangazo la kwanza la biashara.